Mkwaruzo Katika Ubeti wa Mwisho

Jumamosi, 9 Januari 1988

Merle kaja. Na paneli za spika zake kaja nazo! Zote nne za besi, zimelazwa nyuma ya pikapu, zimefunikwa mablanketi ya mkewe LaVonne kama wagonjwa. Nje baridi ya kukata pua. Tukazishusha moja moja hadi chumba cha chini – mimi mbele, yeye nyuma, ngazi nyembamba, goti langu linalalamika. Hakuna aliyeanguka. Hakuna iliyotoboka.

Sikumwomba. Naandika hili nisije nikasahau. Tangu vuli nimekuwa nikinung'unika kwamba kiwanda hakitengenezi tena aina hii, nimetafuta Fargo, nimetafuta Minneapolis, nimepiga simu hadi Omaha, hakuna anayeuza. Yeye ananisikiliza tu. Leo asubuhi anapiga simu: uko nyumbani? Kumbe ameshazifungua skrubu spika zake mwenyewe. Sebuleni kwao zimebaki zile paneli nyembamba za sauti za juu tu. Nikamuuliza, LaVonne kasemaje? Kasema sasa atapata pa kuweka maua yake.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Miaka arobaini tunajuana, tangu tukipanda nguzo za simu pamoja, na bado ananishangaza.

Nikamkaribisha kahawa. Hapana, asante, hataki kunisumbua. Nikamkaribisha tena. Hapana, ana shughuli. Mara ya tatu – haya basi, kidogo tu. Akanywa vikombe vitatu na kumaliza biskuti. Ndiyo adabu ya kwetu. Mke wangu Ardis alikuwa akisema: anayekubali mara ya kwanza ana njaa, anayekaribishwa mara mbili tu hatakiwi. Mama yake alimfukuza mchumba mmoja wa dada yake kwa njia hiyo hiyo, bila neno baya hata moja. Hakurudi tena yule bwana.

Sasa nina besi nne kila upande badala ya mbili. Sasa nitamsikia mke wangu.

Ile tepu. Desemba 1984, Jumapili yake ya mwisho kwenye kinanda cha kanisa, alishaanza kuumwa. Merle ndiye aliyerekodi, kwa mashine yake ya tepu yenye magurudumu mawili, amejibanza kwenye roshani. Wimbo wa kufungia, ubeti wa mwisho: Ardis anafungulia mabomba makubwa, mguu wake wa kushoto unashuka hadi kanyagio la mwisho kabisa, na kanisa zima linatetemeka. Nilikuwepo. Benchi lilitetemeka chini yangu. Lakini kwenye spika zangu, pale pale, utando wa plastiki unatembea mno na kugonga sumaku – tatatata – na juu yake mkwaruzo kama mtu anakokota kabati. Sijawahi kuusikia ubeti ule ukiwa mzima hata mara moja. Aprili akafariki.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuisikiliza tepu. Kila nikimwita ashuke chini alisema, zikiwa tayari, Harlan.

Zitakuwa tayari!

Jumanne, 12 Januari

Siku nzima na nyaya. Vidole vimechomwa na risasi ya kuunganishia.

Kila paneli niligusisha betri ya tochi. Ukigusisha, utando unaruka mbele au unarudi nyuma, na zote lazima ziende upande mmoja. Moja ikienda kinyume besi inakufa. Zote nane ziko sawa. Nimezipanga nne nne kama kiwambo cha kubadilishia nguo, zinajaza ukuta mzima.

Merle alishika tochi. Akauliza kwa nini hasa kuziunganisha kunasaidia. Anajua, ila anapenda nieleze. Nikamwambia, fikiria jeneza. Likibebwa na watatu, magoti yanawatetemeka na wanapepesuka. Likibebwa na sita, kila mmoja anabeba kidogo, linakwenda limetulia. Mzigo ni ule ule. Utando nao hivyo hivyo – ukipata mwenzake ubavuni unatembea nusu ya mwendo, haufiki kwenye sumaku, haukwaruzi.

Akaishusha tochi. Alikuwa mmoja wa sita waliombeba Ardis, mbele, upande wa kushoto. Ningetafuta mfano mwingine.

Jumapili, 17 Januari

Jamani! Jamani!

Ngoma kubwa ya okestra – safi. Besi ya yule mzee wa jazi, unasikia ngozi ya kidole kwenye uzi. Kisha santuri ya kinanda kutoka Ujerumani, noti ya chini kabisa, ile iliyokuwa ikigonga kila mara. Haikugonga. Niliongeza sauti. Haikugonga! Vikombe jikoni juu ndivyo vilivyogonga.

Merle aliweka kiganja mbele ya paneli, akasikia upepo wake. “Si mbaya sana,” akasema. Kwa Merle hiyo ni sifa ya mwisho. Siku ya harusi yake nilimuuliza anaonaje, akasema hivyo hivyo.

Nilitaka kuweka tepu ya Ardis papo hapo. Akasema ngoja. Eti tando zizoee joto la chumba kwanza. Wiki mbili, tatu. Sijawahi kusikia tando zikizoea, lakini mtu aliyenipa spika zake ana haki ya kusema lolote. Nikasema basi, tuiweke Jumamosi ya kikundi chetu cha kusikiliza muziki, mbele ya wote, ndiyo heshima yake Ardis. Akasema mbele ya wote si lazima. Nikasema ni lazima. Akatoka kwenda kuwasha gari, ingawa injini ilikuwa imechomekwa kwenye hita ya umeme na ina joto tele.

Jumatano, 27 Januari

Baridi mbaya. Merle hajaonekana wiki nzima. Mgongo, anasema. Nikampigia LaVonne kumpa pole. Mgongo gani? Asubuhi amemchimbia jirani theluji. Kisha akasita, akasema labda umemuuma baadaye. Wazee na migongo yao.

Nimefagia chini. Nimeleta kiti cha Ardis.

Jumamosi, 6 Februari

Walikuja wote saba, kila mmoja na bakuli alilopewa na mkewe – viazi na nyama ya kuoka, saladi ya jeli ya kijani, chapati za viazi. Merle alikuja wa mwisho. Akakaa karibu na ngazi.

Kwanza niliwapigia santuri. Hakuna aliyebishana, na hao ni watu wanaobishana hata juu ya waya. Clayton wa duka la dawa, ambaye hajawahi kukisifu kitu kisicho chake, alisema si mbaya. Akarudia: si mbaya hata kidogo. Nilijiona mrefu.

Kisha tepu.

Mpaka ubeti wa tatu niliona kama yuko chumbani. Nilisikia benchi lake likilia alipoegemea kushoto. Viatu alivua, kama kawaida yake, nikasikia soksi zikiteleza kwenye makanyagio – soksi! Kitu ambacho sijawahi kukisikia. Machozi yalinitoka mbele za watu na sikujali.

Ubeti wa mwisho. Mabomba makubwa. Mguu wa kushoto.

Ukakwaruza.

Haukugonga. Kugonga kumekwisha kabisa. Lakini mkwaruzo ule ule, kabati lile lile linakokotwa, wazi kuliko siku zote. Tukasikiliza mpaka mwisho, mpaka pale Ardis anaposema, basi Merle, zima. Tepu ikazunguka, ikachapa chapa.

Hakuna aliyenitazama. Clayton akasafisha koo, akasema, “Ni tofauti hiyo.” Ambaye hajazaliwa hapa atadhani ni neno la kawaida. Kwetu hakuna tusi linalolipita. Baadaye kidogo akaniuliza kwa upole kama nimejaribu kuisikiliza kwa hedifoni. Mimi na hedifoni! Kusikiliza kinanda cha kanisa kwa makopo mawili masikioni ni sawa na kula chakula cha Krismasi kwa mrija. Miaka ishirini nawaambia. Yeyote mwenye spika za maana haulizi swali hilo, anatafuta kosa kwenye spika.

Nilipogeuka kumtafuta Merle alikuwa ameshavaa koti. Sahani yake hakuigusa. Akanishika bega, akapanda ngazi. Namwonea huruma. Katoa spika zake bure.

Jumapili, 7 Februari

Sikwenda kanisani. Betri ya tochi, paneli zote nane, moja moja. Zote zinaruka mbele. Hakuna waya uliobanduka. Hakuna gundi iliyoachia.

Basi ni nini?

Jumanne, 9 Februari

Nimebadilisha amplifaya. Nimebadilisha nyaya. Nimesogeza paneli mbali na ukuta, nimezirudisha. Nimewasha upande wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake. Unakwaruza.

Santuri ya Ujerumani inashuka chini zaidi ya Ardis na iko safi kama maji. Nimeipiga mara nyingi mpaka naichukia.

Jumamosi, 13 Februari

Nimefanya jambo la aibu. Nimeingia duka la mitumba nyuma ya maktaba na nimenunua hedifoni. Kubwa, za plastiki ya kahawia, zilikuwa za darasa la lugha. Nikaziweka chini ya mkate kwenye mfuko. Na nani nikakutana naye kwenye taa za barabarani? Clayton. Tukazungumza juu ya baridi.

Nyumbani nikafunga mapazia. Nikazivaa. Nikaweka tepu.

Mkwaruzo umo ndani ya tepu.

Umo ndani. Si spika. Haijawahi kuwa spika – yaani, kugonga kulikuwa kwa spika, kweli, ila chini ya kugonga kulikuwa na hiki, na hiki kimo kwenye tepu tangu siku ile ya kwanza. Mashine ilizidiwa. Sauti ilikuwa kubwa kuliko tepu ilivyoweza kubeba, ikachafuka. Huwezi kuiondoa hata ukipanga paneli kutoka hapa mpaka Duluth. Ukiwa nazo mia, utausikia mkwaruzo safi kabisa.

Nilikaa kwenye kiti cha Ardis na yale makopo masikioni. Ubeti ule haupo. Haukuwahi kuwepo popote ila kanisani siku ile, na ndani ya benchi lile, na ndani yangu mimi.

Sasa nawaza juu ya Merle. Nitamwambiaje? Yeye ndiye aliyerekodi. Miaka yote hii anadhani alinipa zawadi nzuri na kwamba spika zangu ndizo mbovu. Akijua ni mkono wake, atavunjika moyo yule. Katoa na paneli zake! Hapana. Heri anione mimi fundi mbovu. Nitamwambia nimechoka, tuiache tepu.

Jumatatu, 15 Februari

Nimeazimia. Simwambii. Nimelala vizuri.

Jumatano ya Majivu, 17 Februari

Supu ya Kwaresima kanisani, chumba cha chini. LaVonne alikuwa anagawa. Supu ya dengu za njano na mfupa wa nguruwe. Foleni ilikuwa imekwisha, tukabaki wawili na sufuria. Nikaona, ngoja nimshirikishe yeye, mwanamke anajua namna ya kulizunguka jambo. Nikamwambia shemeji, nina neno, lakini Merle asilisikie bado. Ule mkwaruzo nimeuona ulipo. Umo kwenye tepu yenyewe.

Hakuinua hata macho. Alikuwa anakwangua chini ya sufuria. Akasema, “Afadhali, Harlan. Kwa hiyo mwishowe amekuambia.”

Nikamuuliza, kuniambia nini?

Upawa ukasimama. Nilimwona akielewa. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Akasema supu itapoa, nikae nile. Nikarudia swali langu. Akasema, “Muulize yeye. Mimi nimechoka kulibeba.”

Merle alikuwa ng'ambo, kwenye birika kubwa la kahawa. Alikuwa anatutazama. Alijua. Mtu hawezi kukaa na kikombe mkononi hivyo, bila kunywa, kama hajui.

Niliacha bakuli pale pale. Nikatoka bila kofia.

Alijua. Alijua!

Alhamisi, 18 Februari

Nimesalitiwa. Nimetafuta neno dogo zaidi, sikuliona.

Miaka mitatu. Miaka mitatu anakaa kwenye ngazi yangu na kahawa yangu, anashika tochi, ananiuliza eti kuunganisha kunasaidiaje. Miaka mitatu ananitazama nikiwa nimepiga magoti mbele ya spika kama mtu anayeomba. Alijua jibu. Neno moja tu lilitosha: Harlan, ni mimi, nilikosea. Ningekasirika wiki moja. Labda mbili. Kisha ningemkaribisha kahawa, mara tatu.

Karen kaniita Oregon Krismasi mbili mfululizo. Binti yangu wa pekee, na mjukuu sijamwona anavyotembea. Mara ya kwanza sikwenda kwa sababu gundi ya tando ilikuwa haijakauka. Mara ya pili kwa sababu mtu wa Omaha aliahidi kupiga simu. Merle ndiye aliyenipeleka posta kutuma zawadi. Akasema, watoto wanaelewa.

Na LaVonne naye. Na Clayton je? “Umejaribu hedifoni?” Mtu haulizi hivyo bure. Ama wote wanajua, wanakula kwangu na kwenda nyumbani kunisikitikia kwenye magari yao? Ndivyo tulivyo hapa. Mtu yuko tayari kukuacha uzame ziwani kuliko kukuambia kwamba barafu uliyosimama ni nyembamba. Ingekuwa kukosa adabu!

Kikulacho ki nguoni mwako. Bibi yangu wa Norway angekuwa na methali yake, lakini hii inatosha.

Sasa najua kwa nini alileta paneli zake bila kuombwa. Si urafiki. Alikuwa anajikosha roho. Na mimi nikaandika humu, hapo juu, rafiki wa dhiki. Nilitaka kuukata ukurasa ule. Nimeuacha. Ukae unitazame.

Jioni nimezing'oa zake zote nne. Nimezipandisha ngazi peke yangu, goti liseme litakalo, nikazitupa gereji. Karibu nizitupe. Nimeziegemeza. Baadaye nikakumbuka kwamba baridi inazikaza tando na gundi inapasuka, nikarudi na kuzifunika mablanketi. Yake mawili na yangu mawili. Kosa si la paneli.

Ijumaa, 19 Februari

Simu imelia asubuhi. Imelia mchana. Najua mlio wake, anaiacha ilie mpaka ikate pumzi. Sikupokea.

Nimepiga santuri ya Ujerumani kwa paneli zangu peke yake. Inagonga.

Jumamosi, 20 Februari

Merle yuko hapa. Yuko mlango wa nyuma, kwenye mkeka, buti hajavua. Mimi niko mezani jikoni, mlango umerudishwa. Anadhani natafuta vikombe. Naandika sasa hivi kwa sababu nikingoja nitaanza kulitengeneza, nilifanye zuri kuliko lilivyo.

Nilimfungulia kwa sababu aligonga kwa kiwiko. Alikuwa ameshika ile mashine yake ya kurekodia kifuani. Akaiweka juu ya sanduku la chumvi ya kuyeyushia barafu. Akasema nichukue nyundo nikitaka. Nikasema nyundo zangu zina kazi.

Kisha akasema yote bila kupumzika, akitazama buti zake. Kwamba kiwango cha sauti alikiweka wakati wa mazoezi, na Ardis hakuyatumia yale mabomba makubwa kwenye mazoezi. Yalimjia pale pale, ubeti wa mwisho.

“Sindano za kipimo cha sauti zililala kwenye nyekundu, Harlan. Niliziona. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe.”

Nikamuuliza kwa nini hakukizungusha.

“Nilikuwa namsikiliza,” akasema.

Hilo nimelielewa. Naudhika kwamba nimelielewa. Nilikuwa chini kwenye benchi, mimi pia nisingekumbuka kwamba nina mkono.

Lakini sikumwachia. Nikasema sawa, siku ile. Na siku zote zilizofuata? Kwa nini ulinyamaza? Ndipo akainua uso. Akasema hakunyamaza. Alisema mchana ule ule, humu jikoni, mimi nikiwa nje nachimba theluji ya njia ya gari. Ila hakuniambia mimi. Alimwambia Ardis, kwa kuwa ulikuwa wimbo wake.

“Alicheka kwanza. Halafu akasema, usimwambie. Mwache atafute. Akasema Harlan akikosa kitu cha kutengeneza, atakaa kwenye kiti na hatainuka tena. Akanishika mkono mpaka nikaahidi.”

Nikamwambia ni rahisi kumsingizia marehemu. Hawezi kuitwa ashuke hapa akatae.

“Ni rahisi,” akasema. “Ndiyo maana nilitaka kufa nayo.”

Simwamini. Naandika: simwamini. Mtu aliyenidanganya miaka mitatu anaweza kunidanganya na leo, na angechagua uongo gani mwingine? Huu ndio unaomwosha kabisa, na wa kuulizwa yuko chini ya theluji.

Lakini zikiwa tayari, Harlan. Zikiwa tayari. Majira ya baridi yote yale alikuwa hapa juu anafuma, na mimi chini naita, Ardis, njoo usikie, na hakushuka hata mara moja. Mwanamke aliyekuwa akishuka na kikapu cha nguo mara tatu kwa siku. Nilidhani ni ngazi. Nilidhani amechoka.

Alikuwa hataki kunitazama usoni tepu ikikwaruza. Hakuweza kudanganya, Ardis, alikuwa anaonekana masikioni, yakigeuka mekundu.

Basi ni wawili. Walikaa kwenye meza hii hii, mke wangu na rafiki yangu, wakanipangia maisha yangu kama ng'ombe anayepangiwa zizi la baridi, na mimi niko nje nawasafishia njia. Naona hasira juu ya mtu ambaye siwezi kumkasirikia, na huyu ninayeweza kumkasirikia amesimama kwenye mkeka wangu theluji ikimyeyukia. Na ubaya wake ni kwamba sikukaa kwenye kiti. Miaka mitatu sikukaa kwenye kiti.

Merle akasema amekuja pia kuzichukua paneli, kama sizihitaji. LaVonne hataki kuyaondoa maua, lakini watapata nafasi. Nikasema – kwa mazoea tu, mdomo una mazoea yake – kahawa? Akasema hapana, asante, hataki kunisumbua.

Nikaja huku jikoni, nikawasha jiko. Kisha, sijui kwa nini, nikasema tena kupitia mlangoni, kahawa iko, Merle. Akasema hapana, ana shughuli.

Hana shughuli yoyote. Nami najua, naye anajua kwamba najua. Mimi nimekaa, nashika kalamu, na mara ya tatu sijaisema.

Imeshachemka. Nimetoa vikombe viwili. Hiyo haina maana, vimekaa pamoja kabatini, ukivuta kimoja na cha pili kinakuja. Namsikia pale nje anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, ubao ule unalia. Hatauliza. Atasimama mpaka theluji yote ya buti iyeyuke, kisha atasema haya basi, na atatoka, na hatarudi, kama yule mchumba. Wala hakutakuwa na neno baya hata moja.

Anakohoa. Amevaa glovu moja.